Mwalimu Anaweza Kuondoka, Daftari Libaki

Wanachuo wenzangu, hasa nyie wa Elimu ambao mkisikia neno seva mnafunua ukurasa mwingine, somo hili ni lenu. Mimi pia nasoma Elimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Kemia na Hisabati. Kompyuta sijaisomea. Ila nikiwa TP Maposeni, kule Songea, niliendesha kiprogramu cha mazoezi kwa ajili ya kidato cha pili, na kazi hiyo imenifundisha jambo ambalo naona linatuhusu walimu kuliko hata mafundi. Programu iliyopangwa vizuri unaweza kuizima dakika yoyote, ukawasha nyingine mahali pake, na mwanafunzi asipoteze hata alama moja.

Programu za namna hiyo tuziite programu zisizotunza kumbukumbu. Siku hizi zinafungwa ndani ya makontena na kusimamiwa kwenye dashibodi ya wingu, yaani ukurasa wa intaneti wenye vitufe. Twende taratibu.

Kontena ni nini?

Ukipita bandari ya Mtwara msimu wa korosho utayaona makontena yamepangwa. Winchi haiulizi ndani kuna nini. Vipimo vya nje vinajulikana, inanyanyua, inashusha, basi. Biashara hiyo inahesabiwa kuanza Marekani mwaka 1956, pale Malcom McLean alipopakia makontena 58 kwenye meli ya Ideal X kutoka Newark kwenda Houston. Kabla ya hapo mizigo ilikuwa inapakiwa gunia kwa gunia, sanduku kwa sanduku, na meli inasubiri gatini siku nyingi.

Programu nazo zilikuwa na shida ya magunia. Inafanya kazi vizuri kwenye laptop ya aliyeiandika, ukiipeleka kwenye mashine nyingine inagoma, kwa sababu kule kuna toleo lingine la lugha au kuna faili halipo. Mwaka 2013 ikatoka Docker, ikarahisisha kufunga programu pamoja na kila inachohitaji ndani ya kifurushi kimoja. Kifurushi hicho kinaitwa taswira. Taswira ikiwashwa ndiyo kontena. Fikiria karatasi mama ya mtihani na nakala zake za fotokopi: karatasi mama ni moja, nakala unatoa kadiri ya watahiniwa ulionao, na zote zinafanana.

Sasa ukiwa na makontena mengi nani atayaangalia? Mwaka 2014 Google ikatangaza Kubernetes. Neno hilo ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani wa chombo. Kwetu tungesema nahodha. Nahodha huyu humwelekezi hatua kwa hatua. Unamwambia unachotaka kuona, kwa mfano "nataka nakala tatu za programu hii", na kazi yake ni kuhakikisha muda wote zipo tatu. Moja ikifa anawasha nyingine bila kukupigia simu usiku. Kila nakala inakaa ndani ya kifuko kinachoitwa podi. Podi zinakaa kwenye mashine zinazoitwa nodi, na kundi la nodi ndilo klasta.

Na wingu? Watu wa Songea wataelewa haraka. Mji ule ulikuwa unategemea majenereta ya dizeli mpaka laini ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipokamilika mwaka 2018 na kuuunganisha na gridi ya taifa. Kumiliki seva yako ni kama kumiliki jenereta: mafuta yako, fundi wako, kelele zako. Wingu ni gridi. Mashine ziko kwa mwenyewe, wewe unavuta unachohitaji na unalipia ulichotumia.

Kumbukumbu ikae wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha somo, kwa hiyo tusipaharakishe.

Mwalimu akiugua leo, mwenzake anaweza kuingia darasani na kipindi kikaendelea, mradi azimio la kazi lipo, andalio la somo lipo, shajara ya somo imejazwa na daftari la mahudhurio liko ofisini. Kama vyote hivyo viko kichwani mwa mwalimu, au kwenye daftari lililo nyumbani kwake, anayempokea anaanza upya.

Nilipokuwa kidato cha tatu, katika shule ambayo siitaji, mwalimu wetu wa somo moja alipata uhamisho katikati ya muhula. Aliondoka na daftari la alama. Hakuwa mtu mbaya, ndivyo alivyozoea kutunza mambo yake. Darasa zima tulirudia majaribio matatu. Wenzetu wawili ambao kipindi hicho walikuwa wanauguza nyumbani hawakuwepo siku za kurudia, alama zao zikabaki na pengo, ingawa mwanzoni walishafanya na walishafaulu. Alama za maendeleo zina uzito kwa mwanafunzi. Pengo lile halikuwa lao, lakini walilibeba wao.

Mwalimu yule, kwa lugha ya kompyuta, alikuwa kontena linalotunza kumbukumbu yake lenyewe. Likiondoka, limeondoka na kila kitu.

Nikitaka kumfundisha mtu jambo hili situmii kompyuta, natumia igizo. Nimelifanya na kikundi chetu cha majadiliano hosteli, unaweza kulifanya na wenzako kwa dakika kumi. Watu watatu wawe podi. Mmoja awe mgawa foleni, kazi yake ni kumwelekeza kila anayekuja kwa podi yoyote iliyo wazi. Waliobaki ni wanafunzi wanaojibu maswali.

Raundi ya kwanza, kila podi ana daftari lake. Mwanafunzi namba 14 anajibu swali la kwanza kwa podi A, inaandikwa. Anarudi na swali la pili, mgawa foleni anampeleka kwa podi B. Podi B anafungua daftari: "Wewe sikujui, anza upya." Halafu mtoe podi A nje na daftari lake. Kelele utakazosikia ndizo maana halisi ya mfumo kuanguka.

Raundi ya pili, nyang'anya madaftari yote. Weka buku moja mezani, kila podi aandike humo na asome humo. Mtoe podi yeyote, kazi inaendelea. Mwingize wa nne katikati ya mchezo, anaanza kuhudumia papo hapo bila kuelekezwa historia ya mtu. Ndiyo programu isiyotunza kumbukumbu. Buku la mezani ndiyo hifadhidata.

Angalia lakini: kumbukumbu haijafutika, imehamishwa. Podi sasa ni za kufa na kuzaliwa, buku ndilo la kufa na kupona. Kwa hiyo ulinzi wako wote, nakala rudufu zako zote, unazielekeza kwenye buku. Wahandisi wa Heroku waliliweka wazi jambo hili mwaka 2011 katika kanuni zao kumi na mbili za kujenga programu za mtandaoni: chochote kinachotakiwa kudumu kikae nje ya programu.

Kazi yenyewe Maposeni

Kata ya Maposeni iko jirani na Peramiho. Shule niliyopangiwa ilikuwa na kompyuta chache, na kidato cha pili kilikuwa na mikondo miwili. Rafiki yangu anayesoma kompyuta aliandika kiprogramu kinachoonyesha maswali, kinasahihisha na kuandika alama. Mimi nilitunga maswali na kuendesha mambo jioni, laptop nimeiunganisha na bando la simu. Wanafunzi walikuwa wanapokezana mashine. Kipindi cha kwanza tu binti mmoja akauliza: "Mwalimu, nikihamia kompyuta ile, alama zangu zitanifuata?"

Swali zuri kuliko niliyotunga mimi. Nikamjibu hazitamfuata kwa sababu haziko kwenye kompyuta hii wala ile. Ziko kwenye buku, na yeyote atakayemhudumia atalifungua bukuni.

Dashibodi, hatua kwa hatua

Natumia mfano wa Google Cloud kwa sababu ndiyo niliyoishika. AWS na Azure zina vitu vilevile kwa majina tofauti. Skrini ni ya Kiingereza, kwa hiyo nakueleza kazi ya kila sehemu ili ukiiona uitambue.

1. Taswira. Unaandika mahali taswira ilipohifadhiwa na lebo ya toleo lake. Andika namba, mfano 1.3. Lebo inayosema tu kwamba hii ndiyo ya karibuni haitakusaidia siku ukitaka kujua ni ipi iliyokuwa inafanya kazi Jumatatu.

2. Vigezo vya mazingira. Hapa unaiambia programu hifadhidata iko wapi. Taswira inabaki ileile, kinachobadilika ni maelekezo. Nenosiri usilifunge ndani ya taswira. Lina sehemu yake ya kutunzia siri.

3. Idadi ya nakala. Anza na mbili au tatu. Ukiweka moja, siku inakufa kuna muda watu wanakuta mlango umefungwa.

4. Ombi na ukomo. Kila podi inaomba kiasi cha kichakato na kumbukumbu ya muda. 250m maana yake robo ya kichakato kimoja. Ikizidi ukomo wa kichakato inapunguzwa kasi. Ikizidi ukomo wa kumbukumbu inauawa. Usishangae kuona podi inajiwasha upya kila mara, angalia hapo kwanza.

5. Maswali mawili ya afya. La kwanza: "Uko hai?" Podi ikishindwa kujibu, kontena lake linawashwa upya. La pili: "Uko tayari kupokea watu?" Ikijibu bado, haiuawi, inaondolewa tu kwenye foleni mpaka iwe tayari. Mwalimu aliyefika shuleni yuko hai, ila kama bado anatafuta chaki usimpelekee darasa.

6. Huduma. Podi ikifa na nyingine ikizaliwa, anwani yake inabadilika. Huduma ni anwani moja isiyobadilika inayosimama mbele ya podi zote. Ndiye mgawa foleni wa igizo letu. Wanafunzi wanapewa anwani hiyo tu.

Ukimaliza, dashibodi inaweza kukuonyesha kila ulichochagua kikiwa maandishi ya mtindo unaoitwa YAML. Yanakili, yatunze mahali ambapo mwenzako atayapata. Vitufe ulivyobonyeza hakuna atakayevikumbuka, ila maandishi yale ni azimio la kazi: anayekupokea anayasoma na kuujenga mfumo uleule.

Kisha fanya jaribio hili. Fungua orodha ya podi, chagua moja, ifute. Usiogope. Baada ya muda mfupi utaona nyingine imetokea yenye jina jipya. Fungua programu kwenye simu, angalia alama za namba 14. Zikiwepo, umefaulu. Zisipokuwepo, kuna kitu programu inakitunza tumboni, na ni afadhali ukijue leo kabla hujaita darasa.

Siku ya matokeo

Kila mtu anaijua siku Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne. Nchi nzima inafungua kurasa zilezile ndani ya saa chache. Wiki tatu baadaye pako kimya. Ukinunua mashine za kutosha siku ile, mwaka mzima zinalala. Ukinunua za siku za kawaida, siku ile zinaelemewa.

Kubernetes ina kanuni ya kuongeza na kupunguza nakala, na ni hesabu ya kidato cha pili: idadi ya nakala za sasa, zidisha kwa matumizi ya sasa, gawanya kwa lengo, kisha panda hadi namba kamili. Tuseme lengo lako ni kichakato kitumike asilimia 60. Una nakala 2 zinazotumia asilimia 90. Basi 2 × 90 ÷ 60 = 3. Inaongezwa moja. Kukiwa na nakala 4 zenye asilimia 150, inakuwa 4 × 150 ÷ 60 = 10. Asilimia inaweza kuvuka 100 kwa sababu inapimwa dhidi ya kile podi ilichoomba, na podi inaweza kutumia zaidi ya ilivyoomba.

Mzigo ukishuka, kwa mpangilio wa kawaida mfumo unasubiri kama dakika tano ndipo unapunguza, usije ukapunguza na kuongeza kila sekunde. Na kupunguza ni kuua podi. Podi zenye madaftari yao binafsi zingepotea na alama za watu. Ndiyo maana programu ambayo kumbukumbu zake hazijatolewa nje haipanuki wala haipungui kwa usalama.

Kubadilisha toleo nako ni hivyohivyo. Ukitoka 1.3 kwenda 1.4, podi hazizimwi zote kwa pamoja. Kwa kawaida mfumo unaruhusu robo ya ziada na robo ya pungufu: ukiwa na nakala 4, wakati wa mabadiliko hazizidi 5 na zilizo tayari hazipungui 3. Toleo jipya likileta matatizo, kwenye dashibodi kuna historia ya matoleo. Unachagua la nyuma, unarudi. Mwanafunzi aliye katikati ya swali la nane anaendelea na la tisa, wala hajui kama aliyemhudumia amebadilika.

Mambo ambayo dashibodi haikuokoi

La kwanza ni waya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikayumba Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia sana. Siku kama ile uwe na nakala mia za podi Johannesburg, ambako Google ilifungua kituo chake mwaka 2024, mwanafunzi wa Maposeni hazioni. Kwa hiyo kila Ijumaa nilikuwa nahamisha alama zote kwenye karatasi. Karatasi haihitaji bando.

La pili ni pesa. Wengi tunadhani wingu ni kama LUKU: salio likiisha, inakata. Salio la majaribio, dola 300 kwa siku 90 kwa mteja mpya wa Google, linafanana na hivyo. Ukishaingia akaunti ya kulipia mambo yanageuka: haikati, inakudai. Unaweza kuweka bajeti na tahadhari, ila tahadhari ni ujumbe tu, haizimi kitu. Kuendesha klasta moja kunatozwa dola 0.10 kwa saa; siku 30 ni dola 72, na hapo hujalipia nodi. Lipo punguzo linaloweza kufuta ada hiyo kwa klasta moja ndogo, ila nodi unalipa. Kwa shule moja, hiyo ni nyundo ya kuulia mbu. Kwa hiyo sisi tulitumia klasta wakati wa salio la majaribio, kisha taswira ileile tukaihamishia Cloud Run, huduma inayowasha kontena mtu akija na kushusha nakala hadi sifuri pasipo na mtu. Hatukubadilisha mstari wa programu. Faida ya kontena ndiyo hiyo. Na kwa kuwa huduma ile nayo inaweza kuzima kontena muda wowote, faili lolote lililoandikwa ndani yake linapotea. Asiyehamishia kumbukumbu nje hawezi kuitumia.

La tatu ni watoto wenyewe. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Alama za mtoto ni taarifa zake. Kwenye hifadhidata hatukuweka jina hata moja, tuliweka namba. Orodha inayosema namba 14 ni nani ilikaa ofisi ya taaluma, kabatini, na funguo anazo mwalimu wa taaluma.

TP ilipoisha nilikabidhi vitu vitatu: karatasi za alama, maandishi ya YAML na ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili. Mwalimu wa Hisabati aliyebaki alifuata maelekezo yale mbele yangu, akafuta podi, akaona nyingine imezaliwa, akacheka: "Kumbe hata nikihamishwa mimi." Ndiyo, mwalimu. Hata ukihamishwa wewe.

Maswali ya kujipima

1. Una nakala 3 zinazotumia asilimia 80 ya ombi lao, na lengo ni asilimia 60. Mfumo utazifanya ziwe ngapi?

2. Programu ya kura za serikali ya wanafunzi inatunza kura ndani ya podi hadi saa kumi jioni ndipo inaziandika kwenye hifadhidata. Saa nane mzigo unapungua na podi mbili zinaondolewa. Nini kimetokea, na nani atalalamika?

3. Podi iko hai ila haiko tayari. Toa mfano wa mwalimu aliye katika hali hiyo, na useme mkuu wa shule afanye nini.

4. Orodhesha kila kitu kuhusu darasa lako la TP ambacho kiko kichwani mwako au kwenye simu yako peke yake. Karibu na kila kimoja andika kitahamia wapi kabla ya wiki ya mwisho. Swali hili halina majibu nyuma ya kitabu, ila wapo wanafunzi wanaosubiri majibu yake.